Maswali ya Wasomaji: Kioo cha Pembeni Kikivunjika

Safari hii tumeweka pamoja maswali ya wenye magari makubwa ya kifahari waliovunjikiwa vioo vya pembeni, yaani vya madirisha. Kioo chenyewe huingia mahali pake kwa dakika chache. Kazi iko kwenye kukipata kilicho sahihi, na kwenye uchafu ambao kile cha zamani kimeuacha ndani ya mlango.

Swali: Mafundi, habari za kazi. Nimeamka nimekuta kioo cha mlango wa nyuma kushoto kimevunjwa. Viti ni vya ngozi na vimejaa chenga. Kioo kipya kitachukua siku kadhaa kufika. Nianzie wapi, na je, naweza kuendelea kulitumia gari?

Jibu: Pole sana. Kabla ya yote, usiguse swichi ya kioo hicho, na uwaambie wa nyumbani nao wasiiguse. Bonyeza kile kitufe cha upande wa dereva kinachofunga swichi za nyuma. Ndani ya mlango kuna regulata, yaani mashine inayopandisha na kushusha kioo, na kwenye magari ya aina hii nyingi huvutwa kwa waya mwembamba wa chuma unaopita kwenye kapi za plastiki. Chenga moja ikinasa kati ya waya na kapi, waya huruka njia yake, na hapo utanunua regulata juu ya kioo.

Kama gari lina bima, piga picha kabla hujasafisha chochote. Kisha vaa glavu nene, miwani ya kazi na viatu vilivyofunika mguu. Vipande vya kioo cha pembeni ni vidogo na havina ncha kali kama za chupa, lakini vinakata, na unga wake ni hatari kwa macho.

Safisha kuanzia juu kushuka chini: ukingo wa mlango, kiti, kisha sakafu. Usipanguse ngozi kwa kitambaa wala kiganja. Kila chenga unayoiburuta huacha mchirizi usiofutika. Okota vipande vikubwa kwa mkono, vilivyobaki vifyonze kwa mashine ya vumbi huku mdomo wake ukiwa juu kidogo ya ngozi bila kuigusa, halafu bandika na kubandua tepu pana kuchukua unga uliobaki. Kama viti vina feni ya kupoza, usiiwashe hadi mishono na vitundu vya ngozi viwe vimefyonzwa. Kuna feni zinazovuta hewa kwenda ndani ya kiti, na unga wa kioo utafuata njia hiyohiyo.

Watu wengi husahau mkanda. Uvute wote mpaka mwisho, uupanguse, kisha geuza kifungio kitazame chini na ukigonge taratibu, kwa sababu chenga ndani ya kifungio huweza kukizuia kushika vizuri. Kiti cha umeme usikisogeze mbele wala nyuma kabla ya kusafisha reli zake. Kama kuna kiti cha mtoto, kivue kitambaa chake ukifue kwa kufuata maelekezo ya mtengenezaji wake. Kukung'uta peke yake hakutoshi.

Kuziba tundu: chukua karatasi ngumu ya nailoni, ikate iwe kubwa kuliko dirisha kwa kiganja kizima kila upande, fungua mlango, ipitishe juu ya fremu iingie ndani, kisha funga mlango uibane. Raba ya mlango itaishika vizuri kuliko tepu yoyote. Sehemu ya chini, ambako hakuna pa kuibana, ndiko unakohitaji tepu. Tanguliza tepu ya karatasi ya wapaka rangi, halafu tepu yenye nguvu ikae juu ya hiyo. Tepu ya nguvu iliyogandamizwa moja kwa moja kwenye rangi na kupigwa na jua siku tatu huacha gundi, na kwenye gari lililowahi kupakwa upya huweza kung'oka na rangi.

Kuendesha inawezekana kwa mlango wa nyuma, kwa mwendo wa wastani. Mlango wa mbele ni habari nyingine: nailoni inaficha kioo cha kutazamia nyuma. Hapo tunashauri gari lipaki au libebwe.

Swali: Duka la vipuri limeniambia kioo cha mlango wa mbele wa Range Rover yangu kipo cha aina tatu, niseme ni kipi. Nilidhani kioo ni kioo. Nitajuaje?

Jibu: Toa namba ya chasisi, ile ya tarakimu na herufi 17, usitoe jina la gari na mwaka tu. Magari mawili ya mwaka mmoja, rangi moja, yaliyotoka kiwandani wiki moja, yanaweza kuwa na vioo tofauti kwa sababu mnunuzi wa kwanza wa moja alilipia ukimya zaidi au giza zaidi.

Ukishatoa namba, hakikisha kwa macho yako. Nenda kwenye mlango wa upande wa pili ambao kioo chake ni kizima, utazame nembo iliyochorwa kwenye kona. Mara nyingi utakuta neno linaloonyesha aina ya kioo. Kuna kioo cha tempa, cha tabaka moja lililopashwa moto hadi zaidi ya nyuzi 600 za Selsiasi na kupozwa ghafla kwa hewa. Kuna cha laminati, cha matabaka mawili yenye plastiki katikati. Na kuna laminati ya kuzuia sauti, ambayo plastiki yake ni laini zaidi ili imeze kelele. Baadhi ya watengenezaji huiwekea alama ya sikio. Kama nembo imefutika, shusha kioo nusu utazame ukingo wake wa juu kwa tochi. Laminati huonyesha mstari mwembamba katikati, kama mkate uliopakwa siagi.

Nembo hiyo ina mengine. Herufi E ndani ya duara pamoja na 43R ni idhini ya kanuni ya Umoja wa Mataifa ya vioo vya magari. Namba ya Kirumi V pembeni yake ina maana kwamba kioo kinapitisha mwanga chini ya asilimia 70, yaani ni cheusi kutoka kiwandani. Kwa mfumo wa Marekani, AS2 huruhusiwa popote isipokuwa kioo cha mbele, na AS3 ni kile cheusi zaidi kinachokaa nyuma ya dereva. Ukiletewa AS3 kwa mlango wa mbele, kirudishe.

Usibadilishe tempa kwa laminati, wala laminati kwa tempa, kwa sababu tu iliyopo dukani ndiyo hiyo. Tofauti ya unene ya nusu milimita hadi milimita nzima inatosha kuvuruga mambo: chembamba kitacheza na kugonga ndani ya raba, kinene kitabana mpaka mota ichoke. Rangi nayo ilinganishe na ya mlango wa upande mwingine nje, mchana. Kijani hafifu na kijivu hafifu hufanana chini ya taa za duka.

Kuhusu jina la kiwanda: kioo chenye nembo ya mtengenezaji wa gari na kile cha kampuni ileile ya vioo kisicho na nembo ya gari mara nyingi hufanana kwa kila kitu kinachohusu kazi. Tungehangaikia zaidi alama za idhini, unene na mashimo ya kufungia kuliko nembo. Na usiagize kioo peke yake. Agiza pia klipu za trimu, yaani lile jopo la ndani linalofunika mlango, kumi hivi, na kama kioo kilivunjwa kwa kuchokolewa na chuma, agiza raba ya kufuta kioo ya upande wa nje, kwa kuwa huwa imekunjwa hata kama hujaiona.

Swali: Kuna fundi wa vioo vya majumbani anasema atanikatia kioo kwa kufuata kiolezo, kiwe tayari jioni. Ni sawa?

Jibu: Si sawa. Kioo cha tempa hakikatwi. Hukatwa na kutobolewa kwanza, kisha hupashwa moto. Ukikigusa na kikata-kioo baada ya hapo kinasambaratika chote. Kwa hiyo anachokukatia ni kioo cha kawaida, kinachovunjika kwa ncha ndefu kama kisu, umbali wa kiganja kutoka shingoni mwako. Kanuni ya 43, ile ya Umoja wa Mataifa, inataka tempa ikivunjika, kila eneo la sentimita 5 kwa 5 liwe na vipande visivyopungua 40. Cha dirisha la nyumba hakitafika huko hata kwa bahati. Aidha, kioo cha mlango wa gari kwa kawaida kimepinda, na bapa hakitapanda kwenye mfereji wake. Wenye Mercedes G-Class za zamani ndio hushawishika zaidi, maana vioo vyao karibu ni bapa kweli, na kiolezo hukubali. Usikubali wewe.

Swali: Nina vifaa na mkono wangu si mzito. Nipeni hatua za kubadilisha kioo cha mlango mwenyewe, na mahali watu wanapoharibu.

Jibu: Aliyezoea huchukua saa moja hadi mbili. Wewe tenga nusu siku na uwe na mtu wa pili wa kushika kioo. Andaa bisibisi za nyota T20, T25 na T30, soketi za milimita 8 na 10, vibanduo vya plastiki, spana ya kupimia nguvu ya kukaza, tepu ya karatasi, mashine ya vumbi yenye mpira mwembamba, na utepe wa butili, ile gundi nyeusi isiyokauka. Bandika tepu ya karatasi kwenye rangi kuzunguka dirisha.

Zima gari, toa waya hasi wa betri, subiri dakika kumi. Milango mingi ina sensa za ajali, na mingine ina mfuko wa hewa. Plagi za njano ni za mifumo hiyo. Kanuni moja haina mjadala: usiwashe gari wakati plagi yoyote ya njano iko nje, vinginevyo taa ya mifuko ya hewa itabaki inawaka hadi ifutwe kwa mashine ya kupima.

Trimu ya mlango hushikwa na skrubu chache zilizofichwa na klipu nyingi. Skrubu ziko nyuma ya kifuniko kidogo ndani ya mpini wa kuvutia mlango, nyuma ya kitasa cha ndani, na wakati mwingine kwenye ukingo wa chini. Tafuta zote kabla ya kuvuta. Trimu ikigoma, kuna skrubu umeisahau, wala si kwamba nguvu hazitoshi. Anza klipu za kona ya chini kwa kibanduo, zunguka pande, mwisho inyanyue yote kwenda juu, maana ukingo wa juu umening'inia kwenye tundu la kioo. Usiiache ining'inie kwa waya. Chomoa kebo ya kitasa na plagi zake, iweke kwenye blanketi.

Sasa unauona utando wa plastiki au sponji ulioshikwa na butili. Huo ndio mpaka kati ya maji na wewe, na ndio unaochanwa kuliko kitu chochote katika kazi hii. Uupashe joto kidogo, pitisha kisu chembamba katikati ya gundi yenyewe, bandua polepole. Katika magari mengine hakuna utando. Kuna paneli nzima ya bati au plastiki iliyobeba regulata na spika, imefungwa kwa bolti kuzunguka pande zote, na vibano vya kioo hufikiwa kupitia vizibo vya raba. Huko huhitaji kuitoa paneli isipokuwa chenga zimejaa nyuma yake. Kwa kawaida zimejaa.

Kusafisha kunastahili nusu ya muda wako. Fyonza sakafu ya mlango, kisha tafuta matundu ya kutolea maji kwenye ukingo wa chini uyazibue kwa kijiti. Pita ndani ya mfereji wa raba wa mbele na wa nyuma kwa kipande chembamba cha plastiki, kutoka juu hadi chini kabisa, kwa kuwa chenga hupenda kujificha pale mfereji unapoishia ndani ya mlango. Tazama koni ya spika na kufuli. Fungua na ufunge mlango kwa nguvu mara tano, fyonza tena. Utashangaa kinachodondoka. Kama kilikuwa laminati una nafuu, maana hutoka kikiwa shuka moja lililopasuka.

Toa mabaki kwenye vibano, na ukague waya wa regulata: nyuzi zilizofumuka, kapi iliyopasuka, kibano chenye ufa. Ukiona kimoja, badilisha sasa, kwa kuwa hutapenda kufungua mlango huu mara ya pili. Kisha rudisha plagi zote, pamoja na betri, na usogeze vibano vitupu kwa swichi hadi vitazamane na matundu ya kazi. Zima tena.

Kioo kipya kisiguse zege wala chuma. Uso wake unavumilia mengi, ukingo hauvumilii. Kugongwa kidogo pembeni kunatosha kukimaliza mkononi. Toa raba za kufuta kioo, ya nje na ya ndani, kama nafasi ni finyu. Inamisha upande wa mbele wa kioo uelekee chini, kiteremshe ndani ya mlango, ingiza ukingo wa nyuma kwenye mfereji wake kwanza, kisha kinyooshe ukingo wa mbele uingie, ndipo kikae kwenye vibano. Milango ya nyuma yenye kile kioo kidogo cha pembetatu ina nguzo katikati. Mara nyingi lazima ulegeze au kutoa nguzo hiyo ndipo kikubwa kipate njia.

Kaza bolti kwa vidole tu. Pandisha kioo hadi juu kabisa, kitafute chenyewe nafasi yake ndani ya mfereji, kisha kikiwa huko, au kikiwa kimeshushwa kiasi cha kufikia matundu bila kulegezwa, kaza kwa kipimo. Kipimo cha kawaida ni kati ya nyutoni-mita (Nm) 8 na 10, ila kinachosemwa na kitabu cha gari lako ndicho cha kufuata. Kukaza kupita kiasi huweka mkandamizo mahali pamoja na kioo hupasuka baadaye, labda usiku wa kwanza wa baridi. Kukaza pungufu hufanya kioo kiteleze ndani ya kibano na kupanda kimeinama.

Jaribu mara kadhaa kabla ya kurudisha trimu. Kisha rudisha utando kwa butili mpya pale ambapo ya zamani imejaa vumbi, ubadilishe klipu zilizovunjika, uunganishe kebo ya kitasa, na ujaribu kufungua mlango kutoka ndani ukiwa bado umefungua kioo. Kebo iliyosahauliwa hugunduliwa ukiwa umeshajifungia.

Swali: Karakana moja imenibadilishia kioo. Sasa kikifika juu kinarudi chenyewe mpaka chini. Wanasema ni mota imekufa.

Jibu: Mota iliyokufa haishushi kioo. Huo ni mfumo wa kuzuia kubana vidole. Kioo cha kupanda kwa mguso mmoja hutakiwa kurudi kabla ya kubana kwa nguvu inayozidi nyutoni 100, na kompyuta ya mlango hulinganisha upinzani inaoukuta na ule inaoukumbuka. Betri ikitolewa au kioo kikibadilishwa, kumbukumbu hiyo hupotea au huwa si ya kweli tena.

Ifundishe upya. Utaratibu hutofautiana, ila wa kawaida ni huu: gari limewashwa, pandisha kioo hadi juu kwa kushikilia swichi, endelea kuishikilia sekunde tano hivi, shusha hadi chini, shikilia tena, kisha pandisha mara ya mwisho na ushikilie. Ukirudia mara nyingi mno mota itajizima ili isiungue. Hiyo si ishara ya ubovu, subiri dakika chache.

Kikikubali kisha kikarudia tabia siku iliyofuata, upinzani ni wa kweli. Tazama mfereji wa raba: umekunjika kwenye kona ya juu? Una chenga? Kioo ni kinene kuliko cha zamani? Puliza silikoni ya raba kwenye mfereji, usitumie grisi wala mafuta ya injini, kwani huvimbisha raba. Sehemu kubwa ya magari haya hupona hapo.

Swali: Baada ya kubadilishiwa kioo, nikifika kilomita 80 kwa saa nasikia mluzi, na mvua ikinyesha zulia la miguuni linalowa. Vimeunganika?

Jibu: Vinaweza kuwa vimetokea siku moja, lakini ni makosa mawili.

Anza na maji. Wengi hudhani kioo kinatakiwa kuzuia maji yasiingie mlangoni. Hapana: maji hupita kwenye raba ya nje kila mvua, hushuka ndani ya mlango na kutoka kwa matundu ya chini. Kinachoyazuia yasije chumbani ni ule utando. Zulia likilowa, utando umechanwa, haukubandikwa chini, au matundu yamezibwa na chenga na mlango umegeuka beseni. Toa trimu, mwagia maji kioo kwa nje taratibu, na mtu akae ndani na tochi. Mahali yanapotokea pataonekana ndani ya dakika moja. Usikubali kuzibiwa kwa silikoni ya madirisha. Haishiki kwenye butili.

Tena kuna sababu ya pili ya kudai utando ukae sawa, na hii karakana nyingi hazielezi. Magari mengi ya aina hii hutambua ajali ya ubavuni kwa sensa inayopima shinikizo la hewa ndani ya mlango: bati likibonyea, hewa hubanwa, mfuko hufumuka. Mlango wenye tundu lisilozibwa huvujisha shinikizo hilo.

Mluzi utafute kwa tepu ya karatasi. Ziba maungio yote ya kioo na fremu kwa nje, endesha. Ukinyamaza, bandua kipande kimoja kimoja kila safari fupi mpaka sauti irudi. Mara nyingi utaishia kwenye kona ya juu ya nyuma, ambako kioo hakijaingia kikamilifu kwa kuwa kilikazwa kimeinama, au kwenye kipande cha pembetatu karibu na kioo cha kutazamia nyuma ambacho hakikubanwa. Ila kama si mluzi, bali ni mvumo mzito wa barabara uliojaa upande mmoja, soma nembo ya kioo kipya. Yawezekana umewekewa tempa badala ya laminati ya sauti, na hapo hakuna raba itakayokuponya.

Swali: Kilichovunjika kwangu ni kile kioo kisichofunguka cha nyuma kabisa, pembeni ya buti. Hatua ni zilezile?

Jibu: Hapana, hicho kimegundishwa. Mara nyingi huja na raba yake iliyoumbwa pamoja nacho, na huenda kikawa na nyaya nyembamba za antena, kwa hiyo kagua plagi kabla ya kununua. Ndani utatoa trimu ya ubavu, na huko kuna mfuko wa hewa wa pazia kwenye ukingo wa paa. Tahadhari za betri ni zilezile.

Gundi ni ya poliyurethani ya vioo vya magari, mrija mmoja wa mililita 310 unatosha. Gundi ya zamani usiikwangue hadi chuma: ipunguze ibaki milimita moja hadi mbili, kwani hiyo ndiyo msingi bora wa mpya. Ukikwaruza rangi, weka praima, yaani dawa ya kupaka kabla ya gundi, la sivyo kutu itaanza chini ya gundi ambako huioni. Safisha ukingo wa kioo, weka praima yake, kata mdomo wa mrija kwa umbo la V ili mstari wa gundi usimame kama pembetatu yenye kimo cha milimita 10 hadi 12, bila kukatika popote. Una takriban dakika kumi kabla ngozi haijaanza kuota juu yake. Kandamiza, shikilia kwa tepu.

Gundi hii hukauka kwa unyevu wa hewa, si kwa joto pekee, kwa hiyo siku kavu na ya baridi huichelewesha. Muda wa kusubiri kabla ya kuendesha umeandikwa kwenye mrija. Siku ya kwanza acha kioo kimoja cha mlango wazi kidogo, kwa sababu kufunga mlango kwa kishindo husukuma hewa inayoweza kukisogeza kioo kibichi. Kuosha kwa maji ya presha kusubiri siku mbili.

Swali: Kioo changu cha mlango kilipasuka chenyewe gari likiwa limepaki, hakuna mtu, hakuna jiwe. Inawezekana?

Jibu: Inawezekana. Kioo cha tempa kimebanwa usoni na kuvutwa katikati, na nguvu hizo mbili hulingana. Mmeguko mdogo ukingoni, labda wa miezi iliyopita, ukipenya hadi katikati, usawa huo unakwisha na kioo chote huachia kwa mara moja. Joto la mchana hutosha kusukuma hatua ya mwisho. Mara chache chanzo ni chembe ya nikeli salfaidi iliyobaki tangu kiwandani. Kabla ya kuweka kipya, pitisha kidole chenye glavu kwenye njia yote ya kioo ndani ya mlango. Kichwa cha bolti kilichojitokeza au kibano kisicho na raba kitavunja na hicho kipya.

Swali: Nimewekewa tinti kwenye kioo kipya. Lini naweza kukishusha?

Jibu: Siku tatu hadi tano, zaidi kukiwa na baridi. Vitone vya maji chini ya filamu katika siku hizo ni vya kawaida, visikufanye uvisukume kwa kadi. Kama kioo ni cheusi kutoka kiwandani, kumbuka kwamba filamu huongezeka juu ya giza lililopo, hivyo pima jumla yake kabla ya kukutana na wanaopima barabarani.

Swali: Vioo vyangu vya mbele ni laminati. Nyundo ya dharura niliyonayo itavivunja?

Jibu: Usiitegemee. Mwaka 2019 chama cha madereva cha Marekani, AAA, kilijaribu vifaa sita vya kuvunjia vioo: vinne viliweza kuvunja tempa, hakuna hata kimoja kilichopenya laminati. Magari mengi yana laminati mbele na tempa nyuma, au angalau kioo kimoja cha tempa mahali fulani. Zunguka gari lako usome nembo zote, kisha funga nyundo karibu na kioo cha tempa unachoweza kukifikia ukiwa umefunga mkanda, na waonyeshe wanaokaa nyuma.